Kuacha kazi inayokuchosha roho: notisi sasa, usubiri barua ya kazi mpya, au CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi)? (Tanga)

Mdau_Ngamiani: Wadau, mtu yuko kiwandani hapa Tanga, mkataba wa kudumu, analipwa kwa mwezi. Msimamizi ni matusi kutwa, saa za ziada hazilipwi. Kampuni nyingine imemwahidi kazi kwa simu. Afuate njia ipi?

Mzee wa Chumbageni: Asubiri barua ya ajira iliyosainiwa, ahadi ya simu haina mshiko. Akiipata, atoe notisi ya siku 28 kwa maandishi, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Asiitoe akiwa likizo, wala siku za likizo haziingii ndani ya notisi. Akigoma kufanya kazi siku hizo, mwajiri anaruhusiwa kumkata kwenye stahiki zake. Hapo ndipo wengi huumia.

Binti Makorora: Shikamoo mzee. Niongeze: akiacha kwa hiari asitegemee kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka, hicho ni cha aliyeachishwa. Adai mshahara wa siku alizofanya, likizo aliyobakiza na cheti cha utumishi.

Shekhe_wa_Sheria: CMA nayo ni njia, ila nyembamba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtambua aliyeacha kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike, lakini kuthibitisha ni juu yake: malalamiko ya maandishi, jumbe za simu, mashahidi. Afungue shauri ndani ya siku 30 tangu kuacha. Barua yake ikisema "nimeacha kwa sababu binafsi, nawashukuru kwa ushirikiano," imekula kwake. Bila karatasi hata moja ya malalamiko, mimi nisingemshauri. Saa za ziada ni dai jingine, lina siku 60.

Mdau_Ngamiani: Na huko aendako atapajuaje?

Binti Makorora: Aanze na mchanganuo wa mshahara. Laki nane inaweza kuwa msingi 400,000 na posho 400,000, au msingi 700,000 na posho laki moja. Saa ya ziada hukokotolewa kwenye msingi: gawa kwa 4.333, kisha kwa saa 45 za wiki, zidisha kwa 1.5. Wa kwanza anapata kama 3,077 kwa saa, wa pili 5,385. Mwajiri mjanja hutaja jumla tu.

Halafu amtafute anayefanya kazi pale, amwombe aangalie taarifa yake ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Miezi ya michango ikiruka wakati hati ya mshahara inaonyesha makato, akimbie. Tangazo la nafasi ileile likirudi kila baada ya miezi michache, aulize waliotangulia wako wapi.

Mzee wa Chumbageni: Marahaba binti. Jioni asimame karibu na lango lao, aone zamu inatoka saa ngapi kweli.

Shekhe_wa_Sheria: Tena achunguze haswa, maana miezi 6 ya mwanzo hawezi kudai kuachishwa isivyo haki. Aombe mkataba wenyewe kabla ya kutoa notisi, asome kipengele cha majaribio na cha kituo cha kazi. "Popote mwajiri atakapoona inafaa" maana yake anaweza kupelekwa Handeni wiki ya pili.