Mnaopeleka misaada shule za viziwi, hivi spika mnakodi za nini?

Wakuu, hasira hii nimekaa nayo tangu Jumamosi, leo naitema.

Mimi ni mmoja wa wabeba maboksi kwenye kikundi fulani cha kujitolea hapa Dar. Tulichangishana, tukaenda shule moja ya msingi ya viziwi, ya bweni. Shule siitaji, haina kosa. Tunafika, Canter inashusha nini kwanza? Spika. Zile ndefu za harusini, na MC wake. Shule ya viziwi!

Mkalimani wa lugha ya alama hakuna, eti bajeti haikutosha. CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania, wapo tangu miaka ya 1980, kuwapigia simu watuelekeze mkalimani kulikuwa na ugumu gani? Watoto wamepangwa juani wanatazama midomo ya wageni, hotuba baada ya hotuba. Mwalimu mmoja kajitosa kutafsiri, MC anamwambia asogee, anaziba bango kwenye picha. Nilitamani ardhi ipasuke.

Sasa njoo kwenye shimesikio, vile vifaa vya sikioni vya kusaidia kusikia. Bosi wetu alipata boksi la zilizotumika kutoka nje, akazigawa kama pipi. Hakuna mtoto aliyepimwa usikivu. Kile kifaa kinarekebishwa kufuata kipimo cha mtoto husika, na kile kipande kinachoingia sikioni kinatengenezwa kwa umbo la sikio lake. Kisipokaa sawa kinapiga mluzi tu. Na wapo ambao hakiwasaidii kabisa, lugha yao ni alama, basi.

Halafu betri! Zina stika ndogo mgongoni. Ukiibandua hewa inaingia, betri inaanza kuisha hata kama hujaiweka popote, na kurudishia stika hakusaidii. Dada mmoja wa tisheti za kikundi kakaa barazani anabandua pakiti baada ya pakiti, "ili watoto wasihangaike." Mwalimu anakuja mbio kumzuia, keshamaliza. Betri za kukaa stoo muhula mzima, muda si mrefu zote takataka.

Wakati wenzangu wanapiga picha nikamfuata matroni, nikamuuliza wana shida ya nini hasa. Hakufikiria hata kidogo: "Mwanangu, taulo za kike, sabuni, na taa za bweni. Taa zimeungua, giza likiingia hawa hawawezi kuongea." Wakuu, mnaelewa? Mikono haionekani gizani. Watoto wanalala na shida zao hadi asubuhi, mtoto akiumwa usiku hana wa kumwambia, kisa balbu. Sisi tumewapelekea spika.

Na msije na ile ya "angalau mmesaidia." Tungepiga simu moja tu kwa mwalimu mkuu kabla ya kwenda Kariakoo, haya yote yasingetokea.

Mweka hazina, najua unapita humu. Weka kwenye kundi la WhatsApp risiti za spika, MC na tisheti, tujumlishe tuone zingenunua balbu ngapi. Safari ijayo sichangii hata mia mpaka nizione.