Wauros wa Ziwa Titicaca: kwenda kuwatembelea ni sawa au tunawageuza maonyesho?

Msafiri_Tanga
Wadau habari zenu. Naenda Peru kikazi na wenzangu wanataka tuunganishe mpaka Puno, mji ulio kando ya ziwa, tupande boti kwenda kwa Wauros, wale wanaoishi juu ya visiwa vya matete vinavyoelea Titicaca. Kinachonikwaza, kwa nilivyosimuliwa, unafika kina mama wamejipanga na sketi za rangi wanakuimbia, kiongozi wa kisiwa anakuonyesha kwa vipande vidogo kisiwa kinavyojengwa, halafu vitambaa vinatandazwa ununue, unazungushwa kwa boti la matete kwa hela ya pembeni, umemaliza. Hiyo ni ziara au tunaenda kuangalia watu kama tuko mbugani?

Nyundo
Usiende. Maigizo yale. Wengine wana nyumba zao Puno, asubuhi wanakuja kuvaa tu. Sola wanazo, TV wanazo. Na hata sio Wauros tena, lugha yao ilishakufa, wanaongea Kiaymara na Kispanyola. Utalipia kitu ambacho hakipo.

Fundi_Makuti
Nyundo ungejua kazi ya kile kisiwa usingesema maigizo. Mizizi ya totora (ndio hayo matete) inajifuma chini mpaka inakuwa tabaka nene linaloelea lenyewe, wanalikata kwa misumeno mirefu kuwa mabonge makubwa, wanayavuta kwa boti, wanayafunga pamoja kwa miti na kamba, wanatia nanga yasisombwe na upepo. Juu wanalaza matete kwa kupishanisha, tabaka hili hivi na lile hivi. Chini yanaoza muda wote, kwa hiyo juu unaongeza kila baada ya wiki chache, na nyumba unainyanyua kwanza upitishe mapya chini yake. Jiko linakaa juu ya jiwe, la sivyo kisiwa chote kinaungua. Mimi naezeka makuti, paa nikilimaliza naondoka zangu miaka kadhaa. Wao hawamalizi. Mtu haigizi kazi ya namna hiyo mwaka mzima kwenye baridi ya mwinuko wa mita 3,800.

Binti_Mfangano
@Nyundo hapo kwenye lugha umenigusa pabaya. Mimi Msuba wa kisiwa cha Mfangano, Ziwa Victoria upande wa Kenya. Nyanya yangu aliongea Kisuba, mamangu anakielewa, mimi nimekulia Kijaluo. Kwa hesabu yako mimi ni kitu ambacho hakipo, si ndio?

Nyundo
Dada usinilishe maneno, mimi nimeongelea Peru. Ila kwa kuwa umelileta wewe, jibu basi: kabila bila lugha linabaki na nini?

Binti_Mfangano
Linabaki na watu! Na ardhi yao, na makaburi yao, na ukoo unaojua nani haoi nani. Sensa ya Kenya inatuhesabu Wasuba, redio ya jamii ya pale kisiwani inatangaza Kisuba, na wewe uko huko na kibodi unatufuta.

Mzee_Kiberenge
Wasuba ni Wabantu walitokea upande wa Uganda, wakaoana na Wajaluo mpaka lugha ikahama. Hakuna aliyewafuta.

Binti_Mfangano
Mzee shikamoo, lakini haikuhama yenyewe. Shule, kanisa, soko, vyote vilikuwa Kijaluo, ukiongea Kisuba unachekwa. Mtoto akichekwa ananyamaza.

Hapana_Chezea
Na kwa Wauros ndivyo hivyo hivyo, karne na karne wanadharauliwa na majirani kwamba ni watu wa matopeni. Leo hela ya watalii imekuja ndio wanaambiwa feki. Sola zenyewe ni enzi za Rais Fujimori wa Peru, miaka ya 1990, kabla ya hapo ni mishumaa na vibatari juu ya matete makavu, nyie mnataka waungue ili mpige picha nzuri? Na visiwa vilikuwa mbali zaidi ziwani, wengi walisogea karibu na Puno baada ya dhoruba na mafuriko ya 1986 hivi.

Msafiri_Tanga
Jamani mimi nimeuliza kama niende 😅

Hapana_Chezea
Nenda, ila usiende ile ya nusu saa. Kuna familia zinalaza wageni, lala hapo, walipe wenyewe mkononi. Kampuni za mjini ndizo zinazochukua kipande kinono. Na ukiona kitambaa umekipenda usivutane bei na mama wa watu, ameshona wiki nzima.

Nyundo
Sawa, kazi ya kisiwa nimeielewa, siibishi. Ila Binti hajajibu. Watoto wako wataongea nini? Mimi Mpare, naishi Dar, wanangu nawafundisha Kipare kila jioni, wanalia lakini wanajifunza. Ndio maana nina uchungu na hili, sio kwamba nakutukana.

Binti_Mfangano
Uliye na cha kufundisha unamfokea aliyenyang'anywa? Ungeanza na huo uchungu tungeelewana mapema. Watoto wangu watasikiliza ile redio na mimi nitajifunza nao, na hata tusipofika mbali watabaki Wasuba. Hilo sikuombi ruhusa.

Mzee_Kiberenge
Marahaba binti yangu. Hiyo redio inasikika mpaka Mbita, huku bara?