Mrejesho: Maparachichi ya familia kwenda nje

Wakuu, salaam. Niliwauliza kama kampuni yetu ya familia, huku Njombe, iendelee kuwauzia madalali maparachichi yetu aina ya Hass shambani au iyasafirishe nje yenyewe.

Tunasafirisha, ila kupitia kituo cha kufungashia cha watu wengine. Chetu chenye chumba cha baridi bado ni ndoto. Kilichotutoa jasho ni cheti cha GlobalG.A.P., cheti cha kimataifa cha kilimo bora: kila dawa iliyopulizwa iandikwe, tarehe na kipimo. Baba, mtu wa kuhifadhi kila kitu kichwani, alinuna kweli.

Aliyesema tupime kiwango cha ukavu (sehemu ya tunda isiyo maji, inayoonyesha kama limekomaa) kabla ya kuchuma, Mungu ambariki. Tunda changa haliivi, linasinyaa tu.

Mabishano yaliyobaki ni hisa. Shangazi anataka zake kwa maandishi, nami namuunga mkono.