Kikoba kimefika watu 60, tugawane au tuvumilie? Naombeni ushauri

Mama Kibaraza: Habarini wakuu, usingizi sina. Kikoba chetu cha kuweka akiba na kukopeshana tulianza wanawake 20 wa mtaa mmoja, mtu akifiwa wote tupo msibani, akichelewesha rejesho tunajua mtoto kalazwa. Sasa tuko 60, wengine hata sura siwajui, kikao kinaisha usiku kwa kubishania faini na kuna kambi mbili hazisalimiani. Nataka viwe vikoba viwili, nianzie wapi?

Mchaga wa Pwani: Pole. Kwaya yetu ilikuwa hivyohivyo, tulipokuwa 15 tunakula sahani moja, tulipofika 40 rangi ya sare tu imegombanisha watu mpaka leo, mimi nilihamia parokia nyingine.

Ustaadh Mdogo: Riba hiyo. Mngeiacha kabisa msingegombana.

Mzee wa Hisa: Dada, VICOBA kwa utaratibu wake ni watu 30, makundi sita ya watano watano wanaodhaminiana. Na kanuni za serikali za 2019 za vikundi vya kukopeshana zinataka kikundi kiwe na watu 10 hadi 50, kwahiyo mmeshapitiliza. Kwenye watano mmoja asipolipa wanne wanamgongea mlango, ila mkiwa 60 bila makundi kila mtu anamsubiri mwenzie aende. Wewe una cheo gani hapo? Unadaiwa?

Mama Kibaraza: Mweka hazina.

Mzee wa Hisa: Na deni?

Mama Kibaraza: Lipo, milioni moja na nusu, lakini sikimbii jamani! Wenzangu 24 wameshakubali na grupu la WhatsApp tumefungua, hao wanaobaki ndo walioleta fujo, tungewasubiri mpaka lini?

Dogo Mabibo: Hii chai. Mweka hazina hajui sura za wanachama wake, hela anapokea kwa nani?

Mama Kibaraza: Sio chai kaka. Wengi wapya wanatuma kwa simu, vikao hawaji, katibu ananisomea majina mimi nahesabu.

Bi Mkubwa Tandika: Mwanangu, hao wapya mliwapokea wenyewe mkitaka mfuko ukue, leo mnawaita wafanya fujo? Wana hisa zao humo.

Mzee wa Hisa: Lipa deni mbele ya wote, subirini kuvunja mzunguko kila mtu apate chake, ndo mgawane. Ukitoka sasa hivi na deni watakuita mwizi.

Mama Kibaraza: Mzunguko unaisha Desemba. Sisi tumepanga kikao cha kwanza Jumapili hii, na watu wameshalipa kiingilio.