Re: Jina la Mwanakupona na maswali ya Standesamt (ofisi ya usajili ya Ujerumani)

Kutoka: Mama Kichanga

Asalaam aleikum wanajumuiya. Alhamdulillahi nimejifungua salama, mtoto wa kike. Mimi wa Mombasa, baba yake Mjerumani, na tumekubaliana aitwe Mwanakupona, jina la bibi mzaa mama yangu. Karani wa usajili ameturudishia fomu. Anataka uthibitisho kwamba hilo ni jina la mtu na kwamba ni la kike, maana kalitafuta kwenye kitabu chake hakuliona. Mume wangu akajitia kumfasiria: mwana ni mtoto, kupona ni kutoka katika ugonjwa. Karani akazidi kututolea macho. Tumwambie nini? Na tuliandike neno moja au mawili?

Kutoka: Bi Mkubwa, Hamburg

Waaleikum salaam mwanangu, hongera, Mungu akukuzie. Huyo mumeo mwambie kufasiri basi! Mwana hapo si mtoto. Kwetu Lamu na Pate, Mwana ni neno la kumheshimu mwanamke, kama wengine wanavyosema Bi. Pate katika karne ya 18 ilitawaliwa na Mwana Khadija, na wazee wa Mombasa wanamtaja Mwana Mkisi kuwa malkia wao wa kale. Hakuna aliyewadhania watoto hao.

Ama Kupona, ni katika majina ya mkasa, ndugu zake kina Shida, Subira na Sikudhani. Mara nyingi mama au mtoto huwa ameponea chupuchupu. Lakini kila nyumba ina sababu yake, kwa hiyo muulize mama yako bibi alipewa kwa lipi, umwekee mtoto habari hiyo.

Mwenye jina maarufu unamjua: Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, yule aliyewatoa jasho masultani wa Zanzibar. Bwana Mataka alifariki 1856. Mwaka 1858 bibi mwenyewe yu mgonjwa, akamtungia bintiye utendi wa wasia, beti 102. Na binti huyo aliitwa nani? Mwana Hashima. Unaona Mwana inavyorudi. Wasichana wa leo wanaulalamikia utendi ule kwa habari za kumtii mume, wala siwalaumu, ila Kiswahili chake hakina mfano.

Kutoka: Kaka wa Leipzig

Dada, hongera. Karani ana haki ya kuuliza, hana haki ya kukataa kwa kuwa jina halimwonyeshi jinsia. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliamua hivyo mwaka 2008, katika kesi ya msichana wa wazazi wenye asili ya Uhindi aliyeitwa Kiran. Kinachobaki ni kwamba jina lisimdhuru mtoto.

Hata hivyo kubishana dirishani kunachosha. Mpelekee karatasi. Utendi ule ulichapwa 1934 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kazi ya Alice Werner na William Hichens, na jina la bibi liko kwenye jalada. Toa nakala ya jalada. Chini yake andika jozi hizi: Juma wa kiume, Mwanajuma wa kike, Hamisi na Mwanahamisi, Idi na Mwanaidi. Mjerumani akiona jozi tatu zimepangwa mstarini, ataelewa. Akishikilia, Chuo Kikuu cha Leipzig kina ofisi ya ushauri wa majina, hutoa barua ya uthibitisho kwa malipo.

Usikawie. Kuzaliwa huripotiwa ndani ya wiki moja, na jina likichelewa lina mwezi mmoja.

Neno moja au mawili? Moja! Ukitenganisha, kompyuta zao zitahesabu majina mawili, na kila barua ya daktari itakuja "Mwana" peke yake. Tena jiandae: W ya Kijerumani ni V yetu. Ataitwa Mvanakupona mpaka amfundishe mwalimu wake.

Kutoka: Kijana, Köln

Si mumwite Kupona tu, iwe rahisi?

Kutoka: Bi Mkubwa, Hamburg

Kupona tu akiwa nyumbani na nyanyake. Kwenye cheti mwekeeni heshima yake.

Kutoka: Mama Kichanga

Ahsanteni sana. Mama anasema bibi alizaliwa baada ya ndugu wawili kufa, naye akaugua akapona siku ya arubaini, ndipo wakambadilisha jina. Tunaandika neno moja. Kaka, swali la mwisho: pasipoti ya Kenya nayo nitamwombea, cheti kipi kitafaa?

Kutoka: Kaka wa Leipzig

Omba kile cha lugha nyingi, siku hiyo hiyo unapochukua cha kawaida. Kabla hujaondoka dirishani soma jina herufi kwa herufi. N na M huwachanganya sana, na jina kwenye pasipoti litafuata cheti.