Mawakala wa nyumba, acheni kukataa wadhamini kwa sababu tu "wanakaa mbali"

Wakuu, uzi huu ni wa malalamiko na sitapunguza makali.

Mwenye nyumba anataka mdhamini. Sawa, ni haki yake. Mpangaji analeta mdhamini mwenye kazi ya kudumu, akiba benki na kitambulisho halali. Wakala anauliza swali moja tu: anakaa wapi? Akisikia mkoa mwingine, au mbaya zaidi nchi nyingine, jibu ni "hatupokei wa mbali", basi. Kipato hajauliza, mali hajauliza, na ukimwomba sababu kwa maandishi anakaa kimya mpaka nyumba imechukuliwa na mwingine.

Mdhamini hawekwi pale ili aje kugonga mlango mpangaji akichelewesha kodi. Kazi yake ni moja: mpangaji asipolipa, au akiharibu nyumba kuliko amana aliyoweka, yeye alipe, na asipolipa ashitakiwe na hukumu ikamate mali au mshahara wake. Kwa hiyo swali la maana ni mali na kipato chake viko wapi, na hukumu ya mahakama ya hapa itavifikia kwa njia gani. Mtu anaweza kuishi nje ya nchi huku ana nyumba na akaunti humu humu, huyo ni mdhamini mzuri. Mwingine anaishi mtaa wa pili na hana chochote cha kukamata, lakini huyo ndiye anayepita.

Umbali uko wa aina mbili na mawakala wanauchanganya. Ndani ya nchi moja, kilomita hazina uzito wowote kisheria: hukumu inayomkamata jirani inamkamata pia aliye mpakani. Hata Uingereza, ambako England na Scotland zina mahakama na sheria tofauti, Sheria ya Mamlaka ya Mahakama na Hukumu ya 1982 inaruhusu hukumu ya upande mmoja isajiliwe na kutekelezwa upande wa pili. Hivyo wakala wa England anayemkataa mdhamini wa Scotland kwa kisingizio cha "sheria tofauti" anakataa kitu ambacho sheria ilishakipatia dawa zaidi ya miaka arobaini iliyopita.

Kuvuka mpaka wa nchi ni habari nyingine, na hapo nakubali kuna ugumu wa kweli. Kumfikishia mdhamini hati ya madai nje ya nchi kunachukua muda. Hukumu ya nchi moja haitekelezwi moja kwa moja nchi nyingine mpaka mahakama ya kule iitambue. Gharama ya wakili wa kule inaweza kupita deni lenyewe. Lakini haya yanatengenezeka kwenye mkataba kabla ya funguo kutolewa. Mdhamini anaandika anwani ya ndani ya nchi ambako nyaraka za mahakama zikipelekwa zitahesabiwa kuwa zimemfikia, kwa mfano ya wakili au ndugu aliyekubali kwa maandishi. Anakubali mahakama za hapa ziamue shauri. Anaonyesha akaunti au mali iliyo hapa, kama anayo. Kama hana, zipo dhamana za benki, na zipo kampuni zinazodhamini kwa ada. Hizo za ada zisomeni vizuri: ada hairudi, na kampuni ikimlipa mwenye nyumba inakugeukia wewe kudai kila senti. Hiyo ni kinga ya mwenye nyumba, unailipia wewe.

Na msidanganywe kwamba kukataa ni kawaida ya dunia nzima. Ufaransa, sheria ya upangaji ya tarehe 6 Julai 1989, kifungu cha 22-1, inasema wazi kwamba mwenye nyumba haruhusiwi kumkataa mdhamini kwa sababu si raia wa Ufaransa au haishi katika eneo la Ufaransa bara. Anaweza kumkataa kwa kipato kidogo, kwa umbali hawezi. Tena kule kuna Visale, dhamana ya bure ya Action Logement (taasisi ya makazi inayochangiwa na waajiri), ambayo vijana wa miaka 18 hadi 30 wanaweza kuiomba. Mwenye nyumba akiipokea hawezi tena kudai mdhamini wa pili juu yake. Kwa hiyo likitakiwa kufanyika linafanyika.

Sasa tuje kwenye uhakiki, yaani ukaguzi wa kipato na taarifa za mdhamini, maana hapa ndipo watu wengi wanapoangushwa bila kujua kilichowaangusha.

Kampuni nyingi za uhakiki Uingereza zinataka kipato cha mwaka cha mdhamini kiwe mara 36 ya kodi ya mwezi. Kodi ikiwa 1,000, mdhamini aonyeshe 36,000 kwa mwaka. Akilipwa kwa sarafu nyingine, mhakiki anabadilisha kwa kiwango cha siku anayoijua yeye, na sarafu ikiyumba kidogo mtu anaonekana kupungukiwa. Andikeni wenyewe kiwango, tarehe na chanzo chake juu ya hati za mshahara. Taarifa ya benki ikiwa kwa lugha nyingine, itafsiriwe na mfasiri anayetambulika, na nakala ya asili iambatane nayo. Jina kwenye pasipoti likiwa na maneno matatu na benki lina mawili, wekeni barua fupi ya benki inayothibitisha kuwa ni mtu mmoja. Mfumo wa kompyuta hausamehe herufi moja.

Uthibitisho wa makazi ndio unaokera kuliko vyote. Wanadai bili ya umeme yenye jina la mtaa na namba ya nyumba. Kwenye nchi ambako umeme unalipiwa kabla ya kutumika na barua zinafika sanduku la posta, bili ya namna hiyo haipo kabisa, na haimaanishi mtu hana makazi. Barua ya benki, ya mwajiri au ya serikali ya mtaa yenye anwani ya mahali anapoishi inatosha kabisa kumjua mtu, lakini wakala anaikataa kwa sababu kisanduku kwenye fomu yake kimeandikwa "bili".

Kisha rekodi ya mikopo. Mtu wa nje hayumo kwenye kanzidata ya nchi hiyo, kwa hiyo mfumo unarudisha jibu kwamba hakuna taarifa. Wakala anasoma hilo kama rekodi mbaya! Kutokuwa na rekodi na kuwa na deni lililokushinda ni vitu viwili mbali kabisa. Dawa yake ni kuomba ripoti ya mikopo ya nchi anakoishi mdhamini na kuituma yenyewe kabla hawajaanza kuuliza.

Kusaini ndiko kunakonitia hasira zaidi. Mdhamini aliye mbali anatumiwa ukurasa mmoja wa sahihi kwenye simu, bila mkataba wa upangaji, bila kiasi cha kodi, na ujumbe "saini haraka, leo mwisho". Anaambiwa abebe deni la mtu mwingine bila kuliona. Kule Ufaransa hati ya udhamini isiyotaja kiasi cha kodi na masharti ya kuipandisha, au ambayo mdhamini hakupewa nakala ya mkataba wa upangaji, ni batili. England, tangu sheria ya 1677, ahadi ya kulipa deni la mwingine lazima iwe kwa maandishi na sahihi ndipo idaiwe mahakamani. Kenya nako kifungu cha 3(1) cha Sheria ya Mikataba kinataka hivyo hivyo.

Halafu kuna suala la shahidi. Kwa sheria za asili ya Kiingereza, mdhamini akisaini baada ya mkataba wa upangaji kukamilika, hapokei chochote kipya badala ya ahadi yake, na ahadi ya namna hiyo inaweza kuanguka. Ndiyo maana mawakala wanatumia hati rasmi (deed) inayosainiwa mbele ya shahidi, ambayo inambana mdhamini hata kama hapokei chochote. Lakini kwa sheria ya England shahidi lazima awe pale pale kimwili, anaona kalamu ikitembea. Shahidi wa kwenye simu ya video hahesabiki, na anayehusika na hati yenyewe, akiwemo mpangaji akiwa naye anaisaini, hawezi kuwa shahidi. Mawakala wangapi wanamwambia mdhamini "saini tu, shahidi ataongezwa huku ofisini"? Wanamwachia mwenye nyumba karatasi isiyo na nguvu, halafu wanasema wadhamini wa mbali ndio tatizo. Jirani yeyote mtu mzima wa mdhamini, asiyehusika na hati wala si ndugu, anafaa: aandike jina, anwani, kazi na tarehe. Wanaodai muhuri wa ubalozi kwa upangaji wa kawaida wanazidisha. Kama lazima pawe na uthibitisho wa umma, nchi zilizojiunga na Mkataba wa The Hague wa 1961 zinatumia cheti cha apostili, yaani uthibitisho wa mamlaka ya nchi ilikotoka hati, bila kupita ubalozini.

Vipengele vya kukataa kwenye fomu: udhamini usio na kiwango cha juu, udhamini unaoendelea "kwa kila mkataba utakaofuata", na udhamini wa nyumba nzima wakati mtu wako anapanga chumba kimoja. Hicho cha mwisho ni hatari sana. Wapangaji wanne wakisaini mkataba wa pamoja, kila mmoja anadaiwa kodi yote, na mdhamini wa mmoja anavutwa kulipia watatu asiowajua. Daini iandikwe kwamba mdhamini anadhamini sehemu ya mpangaji fulani, kiasi fulani cha juu, mpaka tarehe fulani, na kwamba kodi ikipanda bila yeye kukubali kwa maandishi, nyongeza haimhusu. Aandikiwe pia ndani ya siku kadhaa mpangaji anapochelewa. Mdhamini wa mbali hana njia nyingine ya kujua kwamba deni linalimbikizwa miezi minne.

Na pesa. Ukishatoa ada ya kushikilia nyumba, saa inaanza kutembea. England, kwa sheria ya ada za wapangaji ya 2019, ada hiyo haizidi kodi ya wiki moja, muda wa kukamilisha ni siku 15 isipokuwa mmekubaliana vingine kwa maandishi, na mwenye nyumba akijitoa mwenyewe anarudisha ndani ya siku 7. Nyaraka za mdhamini wa nje hazikamiliki kirahisi kwa siku 15. Kubalianeni tarehe ndefu zaidi kwa maandishi KABLA ya kulipa, na mwambieni wakala siku ya kwanza kabisa mdhamini yuko wapi, muwe na ujumbe unaothibitisha mlimwambia. Akipokea ada huku anajua sera yake ni kukataa wa nje, huo ni ulaji wa pesa za watu.

Wengine wakikataa mdhamini wanakuja na "basi lipa miezi sita mbele". England, sheria ya haki za wapangaji ya 2025 inazuia kuanzia tarehe 1 Mei 2026 kudai zaidi ya kodi ya mwezi mmoja mbele. Ujerumani, amana haizidi kodi ya miezi mitatu bila gharama za huduma, mpangaji ana haki ya kuilipa kwa mafungu matatu, na dhamana anayoidai mwenye nyumba inahesabiwa ndani ya kikomo hicho hicho. Kwa hiyo anayekudai amana kamili halafu na mdhamini juu yake, mwulize kwa kifungu gani.

Ninachodai kwa mawakala ni kidogo. Sharti la mdhamini liandikwe kwenye tangazo la nyumba, siyo lifichuke baada ya ada. Sababu ya kukataa itolewe kwa maandishi. Mkataba wote utumwe pamoja na fomu, siku tano za kazi kabla ya kusaini.

Wenye fomu za udhamini mkononi, futeni majina na anwani, bandikeni hapa kipengele cha kiwango cha juu na cha muda. Tuvipitie kimoja kimoja.