Datsun 240Z: kutu imekula reli ya sakafu na kizingiti, nianzie wapi?

ZedYa72
Mabingwa, habari zenu. Gari ni 240Z ya 1972, usukani kulia, imesimama kwenye gereji ya jua kali Kariobangi. Tumeng'oa viti, zulia na ile lami ngumu ya kuzuia kelele sakafuni. Hali ni hii: reli ya kushoto chini ya sakafu imeoza kama sentimita 40, bisibisi inazama yenyewe. Kizingiti cha mlango upande huo kimetoboka karibu na gurudumu la nyuma, na bati la ndani linabanduka magamba. Kiti cha betri kimeliwa hadi kwenye ukuta wa injini.

Gari likiwa juu ya magurudumu, mwanya wa nyuma wa mlango ni mm 3 juu na mm 6 chini. Likiinuliwa kwa jeki katikati, ule wa juu unafunguka hadi 5. Fundi anataka kupiga bati la mm 3 juu ya kutu kwa mashine ya rodi, apake lami, siku mbili amalize. Nikubali? Na kama hapana, bati la unene gani?

BodiKwanza
Usikubali, na usikate chochote bado. Huo mwanya unaotoka 3 kwenda 5 maana yake bodi inapinda katikati. Gari hili halina fremu ya pekee. Sakafu, vizingiti, handaki la giaboksi na reli ndiyo chesisi yenyewe. Ukichomelea likiwa limelegea hivyo, mpindo unabaki humo na mlango hautafunga sawa tena.

Kwanza liweke kwenye stendi nne, chini ya sehemu zinazoshika suspensheni mbele na nyuma. Usiweke stendi chini ya vizingiti, maana ndivyo vinavyokatwa. Hakikisha kwa pima-maji kwamba limekaa sawa, kisha pima ulalo wa msalaba chini ya gari: kutoka bolti za krosimemba (mhimili unaokatiza chini ya gari) ya mbele kulia hadi mshikio wa suspensheni ya nyuma kushoto, na kinyume chake. Tofauti ikizidi mm 3, tafuta sababu kabla ya kuendelea. Andika vipimo vyote kwa rangi kwenye sakafu ya gereji, karatasi hupotea.

Baada ya hapo inua katikati polepole kwa jeki na ubao mrefu chini ya handaki, hadi mwanya wa mlango ulingane juu na chini. Hapo ndipo unafunga mihimili ya muda, ya kuzuia bodi isisogee. Chukua skwea tyubu ya inchi moja yenye ukuta wa mm 2, ifunge kwa bolti kwenye matundu ya bawaba mbele na pale loki inaposhikia nyuma, halafu ongeza mmoja wa ulalo. Mwingine uvuke ndani, mlango hadi mlango. Ukitoa jeki na mwanya haujasogea, uko tayari kukata.

Upande mmoja kwa wakati mmoja. Na ndani ya upande huo, kizingiti cha ndani na reli visiwe wazi kwa pamoja. Maliza reli, kisha kizingiti.

GeresaMoto
Kuhusu ile mm 3. Watu wanadhani bati nene ni nguvu. Bati la sakafu ni jembamba, halifiki hata nusu ya hiyo. Ukilishikisha na mm 3, moto unaotosha kuyeyusha lile nene unatoboa lile jembamba, na baadaye mitetemo yote inaishia ukingoni mwa weldi, hapo hapo panapasuka. Tumia geji 18 (mm 1.2) kwa sakafu na kizingiti cha nje, geji 16 (mm 1.5) kwa reli na kizingiti cha ndani. Nunua bati laini lililoviringishwa baridi, si la mabati ya paa. Zinki ikiungua moshi wake unaleta homa, na weldi inajaa matundu.

Tena, kufunika kutu ni kuifungia maji. Kata hadi upate chuma king'aavu, kisha ongeza sentimita 2 au 3. Kama grainda ikipita bado unaona vidoa vyeusi vilivyochimbika, hujafika.

BodiKwanza
Sahihi kabisa. Z ilishinda Safari Rally 1971 na 1973 kwa hiyo wengi hapa wanaichukulia kama trekta. Kutu haijui historia.

MigNaArgoni
Upande wa kuchomelea. Rodi iachie mageti. Hapa ni mig (mashine ya kuchomelea kwa waya na gesi), waya wa mm 0.6, gesi ya argoni 80 na kaboni dayoksaidi 20, mtiririko lita 10 hadi 12 kwa dakika. Gereji za wazi zina upepo, na upepo unapeperusha gesi. Ukiona weldi ina vishimo kama sifongo, weka turubai kabla ya kulaumu mashine. Pia jirani akiwasha mashine kubwa umeme unashuka, kwa hiyo jaribu kwenye kipande cha bati lile lile kila unapoanza upya.

Weka nukta kila sentimita 3, kisha ruka: moja hapa, nyingine sentimita 15 mbele, rudi katikati. Acha chuma kipoe hadi mkono uvumilie. Ukivuta mstari mrefu sakafu inajikunja kama chapati.

Reli inashikwa na sakafu kwa weldi za tundu. Toboa mm 8 kwenye bati moja kila mm 30 hivi, lishike kwa klampu ligusane kabisa na la chini, anza arki katikati ya tundu kwenye bati la chini, zungusha nje. Kosa la kawaida ni kujaza tundu bila kushika chuma cha chini. Juu inapendeza, chini hakuna kitu. Chomelea vipande viwili vya majaribio uvitenganishe kwa patasi. Bati likichanika kuzunguka weldi, sawa. Weldi ikibanduka nzima, ongeza moto.

Kabla ya yote: toa tangi la mafuta nje ya gereji. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ya mvuke. Paipu za mafuta na breki zinapita kwenye handaki, zitoe. Ondoa betri, chomoa waya za altaneta, na funika vioo. Cheche za grainda hujichimbia humo na hazitoki.

ZedYa72
Asanteni sana. Swali la mwisho: nyuso zinazolaliana ndani nipake red oxide (praima nyekundu ya kuzuia kutu) kabla ya kufunga?

MigNaArgoni
Hapana, hiyo inaungua na kuchafua weldi. Tumia praima ya zinki ya kuchomelea, tabaka jepesi, na ndani ya lile tundu ikwangue hadi chuma. Ukimaliza: praima ya epoksi kwenye chuma kitupu, kisha sila ya viungo juu yake, kisha rangi. Nta ya ndani ya vizingiti na reli iwe ya mwisho kabisa, kwa sababu inawaka na rangi haishiki juu yake. Ipulizie kwa mrija mrefu hadi itoke kwenye matundu ya chini, halafu yazibue. Hayo matundu ya kutoa maji usiyafunge kamwe.

BodiKwanza
Na toa grili iliyo chini ya kioo cha mbele usafishe mifereji yake. Ikiziba, maji yanashukia ndani ya gari hadi miguuni. Kama gari hulala chini ya mjakaranda, ifungue kabla ya mvua za Oktoba na tena Machi.